Kidole cha Elibariki

Kariakoo,
24 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mguu umepungua kuvimba. Mimi sijambo, nakula, nafungua duka saa mbili kama kawaida. Tangu tumzike Elibariki nimekupigia simu mara kumi na moja. Inaita mpaka inakata. Ndiyo maana nimekaa nyuma ya kaunta nikuandikie, kama ulivyokuwa ukituandikia tulipokuwa shule ya bweni. Barua hii nampa kondakta wa basi pamoja na kitambaa cha gauni. Atakushushia stendi ya Boma.

Mama, najua umenikasirikia kwa sababu nilifunga jeneza. Pale kaburini nilipotaka kukushika mkono uliuvuta. Naomba nikueleze ilivyokuwa upande wangu, halafu useme utakalo.

Mdogo wangu alianguka hapa dukani Jumatano asubuhi, amebeba jora la kitambaa cha sare. Hata hakulia. Daktari alisema ni moyo. Miaka thelathini na mmoja! Ijumaa, wewe ukiwa umeshafika kutoka Machame, tukamtoa mochwari tukaja naye nyumbani kwangu Magomeni, alale pale usiku mmoja tu, Jumamosi tumsafirishe Machame. Ndipo ulipomleta Mtume Hillary, yule unayemsikiliza redioni. Akasema ameoneshwa kwamba kijana atafufuka siku ya tatu. Akasema asirudishwe mochwari, maana uzima hauingii kwenye barafu. Wewe ukamwamini. Mimi nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unalia.

Siku tatu, mama. Mwezi wa tatu, Magomeni, chini ya bati. Watu wanapiga makofi, vijana wake wanarekodi video, naye amemlalia Eli kifuani anampulizia pumzi mdomoni. Jumapili mchana nzi walikuwa wanaingia puani mwake. Nilimwona mtu yule akiwafukuza kwa mkono mmoja huku akimtazama mpiga video kama picha inatoka vizuri. Nikaenda uani nikatapika. Niliporudi nikafunga kifuniko, nikawaambia wenye gari waingie wabebe.

Sikumkataa Mungu. Nilikuwa namsitiri ndugu yangu.

Nijibu, hata kama ni mistari miwili.

Mwanao,
Nice


Machame,
6 Aprili 2025

Nice,

Kitambaa nimekipata. Mguu ni vilevile.

Uliomba mistari miwili. Nitaandika zaidi, usije baadaye ukasema sikukueleza.

Elibariki nilimpata baada ya kuharibikiwa mimba mbili. Niliambiwa sitazaa tena. Niliomba, nikapewa. Kwa hiyo usinifundishe wapi maombi yanaishia. Wapo waliokaa kaburini siku nne, ndugu zao wakasema mtu wetu ameshaanza kunuka, na bado wakaitwa kwa jina wakatoka. Aliyewaita hakuona kinyaa. Wewe uliona.

Mtume amenithibitishia kwamba saa nane na nusu kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia kilitikisika. Saa tisa wewe ukafunga kifuniko. Nusu saa, Nice. Ningekuwa na mwanangu hapa kama ungevumilia harufu kwa nusu saa.

Kwa sasa usinipigie. Nikisikia sauti yako nasikia kile kifuniko.

Mama Elibariki


Kariakoo,
22 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mvua zimewafikia huko? Hapa mtaa umejaa maji meusi na maganda ya machungwa yanaelea mpaka mlangoni kwangu. Nimesoma barua yako. Nimeona na jina uliloweka chini. Mimi ndiye mtoto wako wa kwanza, lakini sawa.

Nikueleze kilichotokea Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka. Unajua Kariakoo siku kama ile, watu wananunulia watoto nguo, huwezi hata kugeuka. Kwenye kona ikaja pikapu na spika mbili kubwa. Nikasikia sauti nikaijua kabla sijamwona. Mtume wako alikuwa anahubiri habari za Elibariki. Alitaja jina lake. Akasema kijana alianza kupumua. Mama, kwako ilikuwa kidole, kwa watu wa Kariakoo imekuwa pumzi. Halafu akasema, "Na dada yake, mwenye duka la vitambaa mtaa huu huu, akamfungia akiwa hai!"

Mteja niliyekuwa nampimia akaweka kitambaa chini, akatoka bila kuaga.

Mauza, jirani yangu wa duka la mapazia, akaja akasimama mlangoni. "Nice, huyu anayesemwa ni Eli wetu?"

"Ndiye."

"Usitoke," akaniambia. "Anachotaka ni wewe utoke."

Nikatoka. Nikamfuata mpaka kwenye gari. "Hillary, wananijua hawa. Waambie mdogo wangu alikuwa na nzi puani."

"Mtume," akanisahihisha, kipaza sauti kikiwa mdomoni. Kisha akawageukia watu. "Mnaisikia? Hiyo ni roho ya mauti inazungumza!"

Watu wakacheka, wengine wakanyoosha simu wanipige picha. Alikuwa ananyunyiza mate akiongea, tone moja likanidondokea mkononi. Nimenawa sijui mara ngapi. Mauza alinirudisha ndani akanifungia mlango. Akasema, "Sisi tukifiwa asubuhi, alasiri tumeshazika. Maiti anaona aibu, Nice, anataka kufunikwa." Ndiyo maneno pekee yaliyonifariji tangu msiba, na hayakutoka kwa mtu wa kanisa langu.

Jumapili nilivaa niende ibadani. Nikafika mlangoni, nikasikia wanaimba kwamba amefufuka, nikageuka nikarudi nyumbani. Neno lenyewe limepakwa mate ya yule mtu. Siwezi kulisikia bila kutaka kunawa.

Nina swali moja. Elibariki yuko wapi sasa? Simuulizi mwalimu wa shule ya Jumapili. Namuuliza mama yake.

Mwanao,
Nice


Machame,
11 Mei 2025

Nice,

Mimi ni mzima. Mvua zipo.

Jibu la swali lako ungelipata kutoka kwa Elibariki mwenyewe, kama ungemwacha.

Mama


Kariakoo,
16 Juni 2025

Mama,

Leo sina salamu.

Asubuhi nimekuta bango limebandikwa kwenye mlango wa duka langu. Lina picha yako, umevaa kile kilemba cha msibani. Juu yake wameandika kwa herufi nyekundu: MAMA ALIYEONA KIDOLE KIKITIKISIKA. Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, uwanjani Magomeni, njoo na mgonjwa wako. Mtaa mzima umebandikwa, kwenye nguzo, kwenye mikokoteni, mpaka kwenye ukuta wa choo cha kulipia. Sura ya mama yangu kwenye ukuta wa choo.

Mauza amelibandua la mlangoni kwa kisu na maji ya moto. Uso wako umetoka vipande vipande.

Kwa hiyo simu zangu hupokei, za Hillary unapokea. Mimi nimeshindwa kukutoa Machame hata ulipojua naumwa na huzuni, yeye amekutoa. Utasimama mbele ya watu, mwalimu mstaafu, uwaambie wagonjwa kwamba mtu aliyekuwa ameoza alitikisa kidole. Ulikuwepo, mama! Ulikaa karibu naye kuliko mimi!

Nilikuwa namwonea kinyaa yule mtu. Sasa nakiona kinyaa kinakuja upande wako, na kinanitisha, lakini sitakificha. Ukipanda jukwaa lile, usije kwangu. Usipite hata mlangoni.

Nice


Machame,
26 Juni 2025

Mwanangu Nice,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa sina uhakika kama utaifungua. Mimi nimerudi nyumbani, mguu umevimba kwa safari, lakini nimepona mahali pengine.

Nilikuja Dar. Jumamosi watu wake walinipokea stendi, wakanilaza nyumba ya wageni, wakanipa gauni jeupe. Mtume alinifundisha cha kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Aliniambia niinue mkono wangu wa kulia nikiisema.

Jumapili uwanja ulijaa. Nyuma ya jukwaa niliketi na mama mmoja kijana aliyempakata binti yake wa miaka kama minne. Mtoto ana kifafa. Kwenye mkoba wake kulikuwa na chupa ya dawa. Akaniambia, "Mama, nikisikia tu ushuhuda wako, hizi dawa nazitupa leo." Alizungumza kwa adabu sana. Alinipa hata nusu ya mhogo wake.

Nikaitwa. Nikapewa kipaza sauti. Mtume akauliza, "Mama mzazi, waambie. Kidole kilitikisika au hakikutikisika?"

Nilimtafuta yule mama kwa macho. Alikuwa amesogea mbele kabisa, amemwinua mtoto ili anione.

Nikasema, "Mwanangu alikufa siku ya Jumatano. Kidole hakikutikisika. Mkono ule nilikuwa nimeushika mimi toka asubuhi."

Mtume akacheka kidogo, akasema mama amezidiwa na huzuni, akataka kuninyang'anya kipaza sauti. Nikaking'ang'ania kama mtoto. Nikasema, "Mpe binti yako dawa." Wakazima sauti. Nikasema tena kwa mdomo wangu, kama nilivyokuwa nikipaza sauti darasani. Vijana wawili wakanishusha kwa kunibeba kwapani. Kuna mtu alinirushia chupa ya maji. Sijui kama yule mama alisikia. Nilipotazama hakuwepo pale mbele, na sijui alielekea wapi. Hilo linaninyima raha mpaka sasa.

Sikuja kwako. Ulinikataza, na ulikuwa na haki. Nilikwenda stendi na gauni lao mwilini, nikapanda basi la kwanza nililolipata.

Sasa nikwambie ambacho sijamwambia mtu. Harufu ilianza Jumamosi jioni. Wewe ulikuwa jikoni na watu. Nilichukua mafuta yangu ya kujipaka nikampaka shingoni na makwapani, watu wasijue. Kisha nikavuta kanga nikaziba pua. Nilimbeba tumboni yule, nilimfuta kinyesi, nilikula makombo yake, na jioni ile nilimwonea kinyaa. Nilijiuliza ni mama wa namna gani anaziba pua kwa mwanawe. Nikaona nisipoamini kwamba atainuka, basi mimi ni mwanamke tu anayechukizwa na maiti ya mtoto wake. Ndiyo maana niliamini kwa nguvu vile.

Ulipofunga kifuniko, moyo wangu ulisema asante. Niliusikia. Hilo ndilo nililoshindwa kukusamehe.

Uliuliza yuko wapi. Mwili wake uko hapa nyuma, kwenye migomba, karibu na baba yenu. Mengine siyajui. Nikikwambia nayajua nitakuwa nimejifanya Hillary. Ninaamini Bwana atamwamsha siku anayoijua yeye mwenyewe, na siku hiyo hapatakuwa na mtu wa kupiga video. Asubuhi nyingine naamka nikiwa siliamini hata hilo. Nalitamka tu, kisha naenda kukata majani ya ng'ombe.

Nisamehe, mwanangu.

Mama yako


Kariakoo,
2 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini mguu unaukanda kwa maji ya chumvi kila jioni. Mauza anakusalimu sana.

Barua yako niliisoma nimesimama, wateja wananiita. Halafu nikafunga mlango nikaisoma nimekaa chini, kwenye majora.

Nilikuwa nimeshajua kidogo. Mauza alinionesha video kwenye simu, mtu alikuwa amerekodi. Nilikuona unavyobebwa kwapani, miguu haigusi chini, kiatu kimoja kimetoka. Nilisema nakuonea kinyaa, mama, na sikuwa natania siku ile. Nilipoona kile kiatu nilitaka kwenda kumchana Hillary kwa mkasi wa duka. Mauza alinishika kiuno.

Ulichoandika kuhusu kanga, nimekielewa. Na mimi nilitapika uani. Nilikuandikia kwamba ni kwa sababu ya Hillary. Si kweli yote. Nilikuwa nimetoka kumbusu Eli kwenye paji la uso. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yameisha. Yule mtu bado anakuja kwenye kona. Sasa anasema mama na binti wana pepo mmoja. Watu bado wanampigia makofi, wengine ni wateja wangu. Nikimsikia nafunga mlango wa duka, na sioni dalili nitaacha. Kanisani sijarudi. Usinisukume, na usimtume mchungaji aje kunisalimia.

Yule mama wa mtoto mwenye kifafa tumemtafuta, mimi na Mauza. Tumeuliza kwa wauza mihogo karibu na uwanja, tumeuliza kwenye maduka mawili ya dawa. Mwenye duka la pili alisema kuna mama alifika Jumatatu na binti mdogo, akanunua dawa za kifafa za mwezi mzima. Hakujua jina lake. Inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa mwingine. Nimeona nikuandikie hivyo hivyo ilivyo.

Ijumaa napanda basi, nitakaa huko wiki nzima. Mauza atanishikia duka.

Tukienda kule kwenye migomba, naomba usisali kwa sauti kwanza. Tukae tu. Nataka kila mmoja wetu aseme Eli alivyokuwa akiwa hai, ukweli mtupu, bila kumremba. Nimechoka kumkumbuka amelala chali watu wanamzunguka. Mimi nitaanza. Alikuwa mvivu wa kufagia, alikuwa anawaapia wateja kwamba rangi haichuji huku anajua inachuja, na akishawauzia alikuwa ananitazama akijitahidi asicheke, na hakuwahi kufaulu.

Wewe andaa la kwako.

Mwanao,
Nice