Joistiki ya Mkono Gani?

Kiwalani, Dar es Salaam

Kwa kaka yangu mpendwa Mfaume,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Mtwara, wewe na wifi na watoto. Sie huku tunaendelea, ila mie nimechanganyikiwa, na aliyenichanganya ni wewe. Usishangae kupata barua. Simu yangu anashinda nayo Baba, na nyumba hii unaijua, nikinong'ona chumbani anaitikia sebuleni.

Uliniagiza nimnunulie joistiki, ile fimbo ya kuendeshea ndege kwenye mchezo wa kompyuta, ili mkono wake wa kulia uliopigwa na kiharusi upate mazoezi na mwenyewe achangamke. Ukasema ni jambo dogo. Kaka, Mungu anakuona! Mie kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi.

Dukani Ubungo nilimkuta muuzaji anaitwa Romani. Akaniuliza Baba anataka kurusha ndege za abiria au za vita. Nikamjibu ni mzee mstaafu, hana ugomvi na mtu. Akanitolea joistiki moja iliyochongwa kufuata kiganja cha kulia, nyingine iliyonyooka inayoshikika kwa mkono wowote, na nyingine ina pedali za miguu, sijui za nini. Nilipouliza ipi nzuri alisema zote nzuri, inategemea. Inategemea nini, sikuelewa mpaka natoka mikono mitupu.

Nikamsimulia Baba. Hapohapo akasema anataka ya kulia. Sasa kaka, mkono ule haushiki hata kikombe, umelala tu pajani. Nilipomtajia ile inayofaa kushoto alinikata jicho, akaniuliza tangu lini katika nyumba yake mtu akafanya jambo la maana kwa kushoto. Na hata chakula ni hivyohivyo. Kwa kushoto hataki kula, na nikimlisha anaona haya, anameza tonge moja mawili anasema ameshiba. Amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba. Naogopa sana.

Basi nikampakia kwenye bajaji tukaenda wote. Romani akamkalisha mbele ya kompyuta, akamwuliza atakaa kiti cha rubani mkuu au cha msaidizi. Baba akajibu kwa ukali kwamba yeye si msaidizi wa mtu. Romani akaiweka ile iliyonyooka upande wa kushoto, akaeleza kuwa katika ndege za abiria za namna ile ya kwenye mchezo rubani mkuu hukaa kushoto na fimbo yake iko kushoto. Anayeshika kwa kulia ni msaidizi. Baba akamwomba arudie. Unajua alivyofanya kazi uwanja wa ndege miaka yote, akisimama chini na kuzielekeza ndege mahali pa kuegesha. Alisema marubani alikuwa akiwaona kuanzia kifuani kwenda juu tu kupitia kioo, hakuwahi kujua mikono yao inashika nini. Kisha akaishika kwa kushoto. Ndege ikaenda moja kwa moja baharini, naye akaagiza irudishwe angani. Tukainunua hiyo.

Sasa nikwambie alilonikataza nisikwambie. Mkono wa kulia haurudi, kaka. Daktari alimweleza mbele yangu tangu kabla ya mfungo. Yale anayokuambia kwenye simu, kwamba vidole vimeanza kucheza, si kweli. Anaogopa utaacha kazi urudi kumuuguza. Ile joistiki ya kulia aliitaka ili wewe uendelee kuamini, mwenyewe aliniambia tukirudi, huku ametazama pembeni. Mie sijui nimkasirikie au nimkumbatie.

Jana mchana nilimtengea wali na mchuzi wa samaki. Akaniomba nigeukie ukutani, nisigeuke mpaka aniite. Nikageuka. Nilisikia sahani ikisogea, kijiko hakutaka, nikasikia anatafuna polepole, nami machozi yananitoka nimeuma mtandio asinisikie. Aliponiita, sahani ilikuwa tupu.

Kwa hiyo ukipiga simu, nakuomba, usimwulize mkono unaendeleaje. Mwulize leo ametua wapi.

Wifi nampa salamu nyingi, watoto uwabusu kwa niaba yangu. Salamu za Baba sikuletei, kwa kuwa hajui kama nakuandikia.

Mdogo wako akupendaye,
Munira