Nailoni Niliyoibandua Ukutani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza ujue unaongea na nani. Nina miaka themanini na mmoja, nimezika mabosi wanne na daktari aliyenikataza sigara, na maghorofa mawili niliyoikataa misingi yake yameshaanguka, mimi bado nasimama. Kazini waliniita Pimamaji, maana jicho langu halihitaji kifaa hicho cha kupimia usawa.

Nyumba yetu nimeijenga mwenyewe, ina chumba chini ya ardhi ambako mke wangu alikuwa anafulia, sasa huu mwaka wa nne ukuta wake unatoa maji na mimi nikasema ni beseni lako, unamwaga maji kama unazima moto, akasema, "Mzee, namwaga chini, ukuta unalowaje mpaka kifuani?" nikamwambia usinifundishe ukuta, basi akahamia kufulia nje, anapanda ngazi na ndoo na goti lake bovu, ukuta ukaendelea kulowa nikasema hayo ni maji yake ya zamani, nikapiga lipu mara tatu na mara tatu ikabanduka kama ganda la yai.

Mwezi uliopita fundi niliyemfundisha kazi akabandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zote kwa gundi, akasema, "Mzee, matone yakiwa juu yake, ni mvuke wa humu ndani. Yakiwa nyuma, yanatoka kwenye udongo." Siku ya pili nikashuka peke yangu. Juu pakavu. Nyuma maji yanatiririka. Nikaibandua nikaitia mfukoni, nikamwambia mke wangu imeanguka yenyewe, kesho yake akafungasha akaenda kwa dada yake, eti kule kamba ya nguo iko karibu. Wiki ya tatu hii, chai nakunywa na redio.

Nataka kuziba kwa ndani kimyakimya, akirudi akute pakavu, asijue kwamba ukuta ule sikuupaka lami upande wa nje, nilikuwa na haraka ahamie. Nipe dawa ya kupaka. Kwamba mimi ni fundi kweli, muulize yule fundi, uliza mtaa mzima. Mke wangu usimuulize.

Pimamaji

*

Shikamoo, Mzee Pimamaji. Pole na hiyo chai.

Dawa ipo, ila haishiki juu ya lipu mbovu, na kibarua angefanya hivyo ungemfukuza. Mwite fundi wako. Lipu yote itoke kwa tindo mpaka tofali lionekane, nyufa zizibwe kwa saruji inayokauka upesi, kisha mpake saruji ya kuzuia maji, mara mbili. Sakafuni, kando ya ukuta, kateni mfereji mdogo uingie kwenye shimo lenye pampu, maana maji ya udongoni hayakomi, yanapewa njia tu. Na utazame bomba la mvua la paa linamwaga wapi.

Lakini tindo lisiguswe kabla mama hajarudi. Kujenga kwa haraka ili mkeo ahamie, sikulaumu. Ndoo za miaka minne, hapo nakulaumu sana. Na usidhani hajui. Aliyeacha kufua chini na bado ukuta unalowa, anajua. Maji aliyavumilia, Mzee. Ameondoka kwa sababu ya nailoni.

Nenda mwenyewe kwa shemeji yako, usitume mtu. Sema, "Kosa ni la ukuta wangu, beseni lilisingiziwa." Mkirudi, bandika nailoni nyingine palepale, ngojeni siku mbili, kisha mshike mkono kwenye ngazi, ashuke, aibandue yeye.

Mashahidi uliowataja nimewaamini. Ninayetaka kumsikia ni yule uliyenikataza kumuuliza.