Inchi Moja ya Mama Kesho

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu cherehani yako iliponyamaza, nasi tunakuandikia tukiwa na hasira. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba hasira isiyosemwa huozea tumboni, kwa hiyo tutaisema. Wasomaji wa gazeti hili watuwie radhi. Machozi tunayo, ila leo yamekaa nyuma kidogo.

Wengi walikuita Mama Kesho bila kujua jina lilikotoka. Ulikuwa umekaa sebuleni na Baba mkitazama filamu ya watu wanaoishi kwenye nyota, miaka mia mbili ijayo. Ukaitazama mpaka katikati, hukuona hata uso mmoja mweusi. Ukauliza, "Kwani sisi tulikufa wote?" Baba akasema ni filamu tu. Ukaizima, ukamwacha anaangalia kioo kitupu, ukaenda kushika mkasi.

Kwa magunia, mapazia ya zamani, zipu za mabegi na nyaya za shaba ulizomnyang'anya Baba kwenye karakana yake ya redio, ukaanza kutushonea hiyo miaka mia mbili ijayo. Ukamwambia mchomeleaji wa jirani afungue banda lake kila Jumamosi alasiri, naye akakubali, maana nani aliwahi kukukatalia? Wapiga ngoma wakaja. Binti wa saluni akasuka nywele zikasimama kama antena. Mchora mabango akajaza ukuta mzima sayari zenye masoko, vibaraza na kina mama wanaosutana. Watu wakacheza wakiwa wamevaa kesho yao. Aliyecheza ameinama ulimsimamisha, ukamwambia mtu aliyefika mbali kiasi hicho hatembei akitazama vidole vya miguu.

Na mikono ya nguo zako ilikuwa mifupi, Mama. Tuseme ukweli. Watu uliwapima kwa futi mpya iliyoning'inia shingoni mwako, lakini kitambaa cha mikono ulikipimia kwenye ile futi kuukuu uliyoipigilia misumari ukingoni mwa meza, ambayo inchi yake ya kwanza iliunguzwa na pasi ikakatika kabla hatujazaliwa. Hukuikumbuka hiyo inchi hata siku moja. Kila mkono ukatoka umepungua. Tulikuambia, Baba alikuambia, wateja walikuambia. Ukajibu kwamba watu wa kesho watakuwa na kazi nyingi, mikono mirefu itawanasa kwenye mashine. Mtaa mzima ukazoea kutembea na vifundo vya mikono nje.

Kazi yako ya mwisho ilikuwa koti la shaba. Ulilishona ukikohoa. Tulikusihi uende hospitali, ukasema koti kwanza. Kwa hilo bado tumekukasirikia, na ungerudi leo tungekugombeza kabla ya kukukumbatia. Ulimkatia mjukuu wako, yule mliyerithishana naye ubishi, ukaliacha kubwa makusudi. Ulimwambia, "Likikuenea, utaongoza ngoma."

Siku ya nne ya msiba alikuja mkuu wa jumba la maonyesho. Akanywa chai kwenye kiti chako, akatuvisha kilemba cha ukoka, akakuita hazina, akaomba nguo saba, koti la shaba likiwemo, akazionyeshe mwezi mmoja. Mjomba akampa kwa mikono miwili, bila maandishi, kwa sababu kwetu mtu aliyekuja kutoa pole hadaiwi sahihi. Hilo ndilo kosa letu, tunalikiri hadharani. Mwezi umekuwa mwaka.

Tulikwenda kuliona koti. Limefungiwa kwenye kabati la kioo, halina mtu ndani, na chini yake pameandikwa: "Vazi la jamii. Mbunifu hajulikani." Tulisoma mara mbili. Mjukuu wako akagusa kioo, mlinzi akamkemea kama mwizi. Tukamwuliza mkuu kulikoni, akasema nguo hizi sasa ni za watu wote na zikivaliwa zitaharibika. Kama ni zako, tulete ushahidi. Binti yako mkubwa akarudi na daftari lako la vipimo. Mikono ya nguo zote saba ikapimwa mbele yake, na yote ilipungua inchi moja. Mkuu akafunga daftari akasema, "Fundi yeyote hukosea." Mara saba, Mama, inchi ileile. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini huyu hata jina lako hataki kulitoa mdomoni, na alilitamka vizuri tu alipokuwa anakunywa chai yetu.

Wakati tunapigwa danadana, mtoto anakua. Wiki iliyopita tulimpima, tukalinganisha na daftari lako. Koti sasa linamwenea. Mwakani litambana mabegani, na hakuna aliyebaki wa kulifumua mishono lipanuke. Nguo inaweza kungoja kabatini, mtoto hawezi.

Kwa hiyo kuomba tumemaliza. Jumamosi hii saa tisa alasiri banda la mchomeleaji litafungwa, na ngoma zitapigwa kwenye ngazi za jumba la maonyesho. Baba ameing'oa futi yako mezani, pamoja na misumari yake, atakuja nayo begani. Yeyote uliyewahi kumshonea, awe mchezaji, bwana harusi au karani wa benki, aje amevaa nguo yako, apange foleni mlangoni, anyooshe mikono mbele. Mjukuu wako atasimama wa kwanza, bila koti, analingoja. Hatutamtukana mtu. Tutamwomba mkuu atoke, apite mbele yetu mmoja mmoja, aangalie vifundo vyetu vya mikono, kisha arudie kutuambia hapohapo kwamba mbunifu hajulikani.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi redio. Wanao, mwalimu, muuguzi na dereva. Mjomba, mdogo wako, ambaye hajajisamehe. Wakwe zako wote, hata yule uliyekuwa humpendi. Wajukuu sita, na hasa mwenye koti. Pamoja na mchomeleaji, binti wa saluni, mchora mabango na wapiga ngoma wa Jumamosi.

Lala, Mama. Kelele utakazosikia ni zetu. Tutakusahauje, na mikono yetu yote imepungua inchi moja?