Nimezuia Posa ya Mdogo Wangu kwa Sababu ya Kadi ya Gemu

Shangazi Mwanvita, shikamoo. Safu yako naisoma kila Jumapili, wala sikudhani siku moja nitakuwa mimi ninayelia humu, lakini nyumba yangu haina amani, naomba unisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mwanamke wa Bigwa, hapa Morogoro, nilianza na karai la mihogo ya kukaanga, hakuna aliyenishika mkono, leo nina banda la gemu ambalo vijana hulipia kwa saa, na mwaka huu nilimwagiza Hafidhi, fundi wa kompyuta anayemchumbia mdogo wangu Nasra, aniunganishie mashine kubwa yenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, na boksi la hiyo kadi ninalo, limeandikwa mwendo wake megahezi 1,777, sasa Shangazi mimi namba hazinipiti, nikawasha zile tarakimu zinazotokea pembeni ya skrini mchezo ukiendelea, nikakuta asubuhi upepo wa mlimani ukishuka kadi inasoma 1,890, mchana 1,600, alasiri banda likijaa 1,410, na mteja akifunga gemu moja ili afungue jingine inaporomoka hadi 210, yaani inasinzia kazini huku mtu amelipa!

Nikampigia Hafidhi. "Dada, hiyo kadi inajipima yenyewe, ikipata joto inapunguza mwendo."

"Ijipime, kwani ina presha?"

Akacheka, na kule kucheka ndiko kulikonimaliza. Akaja bandani, akaitazama mashine, akamtazama Nasra, akakuna kichwa, akaondoka bila neno la maana, sasa mwenye haki ananyamaza? Tena mashine yenyewe siitesi, naitunza kuliko friji yangu, nimeichongeshea kabati la mbao lenye kufuli, na naivalisha kile kitambaa cha kufuma alichotuletea mama yake Hafidhi alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, kinashuka vizuri mpaka chini, vumbi halina pa kuingilia.

Basi nikampigia mjomba wetu kule Mlali, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli, nikamwambia posa isipokelewe, kijana ametuuzia kitu kibovu, anayeiba megahezi ataiba na mengine. Mjomba megahezi hazijui ila neno kuiba analijua, akasimamisha kila kitu. Tangu hapo Nasra hanisemeshi, juzi tu ndiyo alinijibu: "Kwa hiyo dada, mume wangu umempima kwa kadi ya gemu?" Na vijana bandani nao: "Mama Gemu, vipi, kadi imefunga swaumu?" Mjomba anataka neno la mwisho Ijumaa hii. Nivunje kabisa, au nimdai kwanza kadi nyingine?

Mama Gemu, Bigwa

*

Mama Gemu, marahaba. Nakupa pole, kisha nakugombeza, maana umestahili vyote viwili.

Niliuliza kwa mafundi kabla ya kukujibu. Kadi yako si mbovu na Hafidhi si mwizi. Kadi za siku hizi haziendi mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Wakati wote wa mchezo zinajipima: kazi iliyopo ni nzito kiasi gani, umeme zinaoruhusiwa kutumia umefikia wapi, joto nalo limefikia wapi. Pakiwa na nafasi zinapanda, joto likizidi zinashuka zisije zikaungua. Gemu likifungwa hakuna cha kuchora, sasa ulitaka ikimbie 1,777 inakwenda wapi? Enzi za mihogo, wateja wakiisha, uliacha moto mkali chini ya karai tupu? Hiyo 210 unayoilaani ndiyo inayokuokolea umeme wa luku.

Na wewe unayejua namba, hebu nijibu. Boksi linasema 1,777, asubuhi unapata 1,890. Hizo 113 za juu ulimrudishia nani? Mbona hukumpigia mjomba kumwambia kijana ametuzidishia?

Tuje kwenye hiyo 1,410. Hapo kweli kuna mkosaji, naye ni wewe. Mashine ile inavuta hewa ya baridi na kutoa ya moto. Umeifungia kabatini, ukapiga kufuli, halafu ukaifunika gubigubi kama bibi harusi, alasiri ya Morogoro! Redio tumezifunika vitambaa miaka yote hazikulalamika, ukaona ndiyo heshima ya kila kitu cha umeme. Hii inahema, mama.

Unauliza kwa nini Hafidhi alinyamaza. Kitambaa ni cha nani? Ulitaka kijana asimame ukweni, mbele ya mchumba wake, atamke kwamba zawadi ya mama yake inaikaba mashine? Alikuna kichwa kwa adabu, wewe ukaiita hatia. Mtu aliyekubali kuitwa tapeli kuliko kumwaibisha mama yake, huyo ndiye unayemfukuza? Wenzako wanawatafuta kwa tochi.

Sasa fanya hivi. Itoe mashine kabatini, au seremala akate matundu makubwa mbele na nyuma, kufuli lako libaki kama linakupa usingizi. Isogeze mbali na ukuta. Izime, chomoa waya, pangusa vumbi kwa brashi laini. Kitambaa kitandike juu ya meza ya sebuleni, tena katikati, mama wa watu akija akione. Kisha acha vijana wacheze gemu lile lile, alasiri, usome tena. Namba itapanda. Haitatulia sehemu moja, wala usikae kuisubiri itulie. Ikibaki chini sana hata bila kabati na kitambaa, mwite Hafidhi aangalie feni, na umwite kama shemeji, siyo kama mshtakiwa.

Nasra usimwendee na boksi mkononi. Mwambie umekosea, ukae kimya, aseme yake yote. Atakuwa nayo mengi, na mengine yatakuuma.

Na hiyo Ijumaa usiingoje. Mpigie mjomba leo hii, umwambie kijana hana kosa, wewe ndiye uliyemsingizia, posa ipokelewe. Akikuuliza megahezi ni kitu gani, mwambie utamweleza baada ya harusi.