Mama Riziki, Programu Yako ya Bure

Mama Riziki,

Kiti chako nimekikalia mimi. Usianze kununa huko uliko. Papa Justin alikuwa anakitaka, nikakiwahi. Papa Justin ndiye waliyemtoa Kabalo aje ashike nafasi yako hapa ofisini. Ni mtu mpole, anasalimia vizuri, na anatabasamu mapema mno asubuhi. Simwamini. Najua ungesema nini: "Vumi, wewe hata mvua unaiulizaka ni nani ameituma." Ungecheka mpaka miwani ikushuke puani.

Tangu tulipokuzika kwenu Mpala, mambo mengi hapa Kalemie yamekaa vilevile, na hilo ndilo linaloniudhi. Umeme unakuja ukijisikia. Mlango wa ofisi bado unakwaruza sakafu. Mchaichai uliopanda nyuma ya choo umestawi, lakini chai yake sijainywa tena. Nilijaribu mara moja, nikamwaga. Papa Justin aliniuliza kama imeharibika. Nikamwambia ndiyo.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya chai. Nakuandikia kwa ajili ya ile programu.

Unakumbuka siku uliporudi nayo kutoka Kigoma, kwenye flashi uliyoifunga katika kitambaa kama dawa? Ya kuchambulia mahojiano, ulisema, na ni ya bure. Nikakuuliza aliyeitengeneza anakula nini. Ukaniambia ni programu huria, waliitengeneza watu wengi, na mtu yeyote anaweza kuifungua ndani aone ilivyojengwa. Basi nikakuomba uifungue. Ukafungua. Nikaona mistari na mistari ya vitu ambavyo hata shetani hawezi kuvisoma, nikakuambia sasa ndiyo naogopa zaidi. Kwangu mtu anayekupa kitu bila kudai chochote ameshachukua anachokitaka, wewe tu hujakagua mfuko wako. Ulinijibu neno moja: "Tutaona." Nililichukia neno hilo.

Na bado nilikaa nayo, kwa sababu nilikaa nawe. Tulikuwa tunasoma maneno ya mama wauza samaki tuliowahoji mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, kwa sauti, sentensi moja moja, kisha kila mmoja anaweka alama yake bila kumwangalia mwenzake, halafu tunalinganisha. Ugomvi ulikuwa hapo! Ile sentensi ya Mama Mapasa, "Nikiona viatu vyake tu, nafunika kitunga changu." Mimi niliiwekea alama ya *hofu*. Wewe ukaiwekea *akili*. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaacha alama zote mbili, programu ikazikubali zote mbili bila kulalamika, nawe ukanitazama kama kwamba ni wewe uliyeizaa.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Ripoti yako uliimaliza kabla ya homa kukulaza. Tulipotoka kwenye matanga yako, wageni walioiagiza waliichapisha na kuigawa kwenye mkutano katika ukumbi wa parokia. Siku chache baadaye Mama Mapasa alikuja ofisini. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kitenge kimefungwa juu ya kifua kama mtu aliyekuja kudai maiti yake. Akasema mkubwa wa mwalo, yule yule mwenye viatu, ambaye kila asubuhi anapita kujichotea samaki kwenye vitunga vya watu, amemfuata mbele ya wenzake na kumsomea maneno yake. Kisha amemfukuza mahali pake pa kuanikia ndakala, hizi dagaa zetu. Mahali alipopata kwa mama yake, Mama Riziki. Mahali panapolisha mapacha wake.

"Mulisema hakuna muntu atajua." Alisema hivyo tu, akaenda zake.

Nilijua. Nilijua, nilijua, nilijua! Kitu cha bure! Nilizima kompyuta, nikaizungushia kitenge, nikaibeba nyumbani kama mtoto mgonjwa. Papa Justin alipouliza nikamwambia betri inaumwa. Maana na yeye nilishamweka kwenye mizani. Amefika, na maneno yametoka. Anatoka Kabalo, na Kabalo kuna treni, na treni hupeleka vitu mbali. Usicheke. Ukiwa na hofu, hata treni inaonekana ina nia mbaya.

Nikaikagua programu yako kila mahali ninapojua kukagua. Kompyuta ile haijawahi kuonja mtandao. Wewe mwenyewe ulikataza. Programu ilikuwa inafanya kazi yake humo humo, haina mtu wa kumpigia. Nikaendelea kuishuku. Kitu kikionekana kisafi sana, mimi huuliza nani amekifua.

Basi nikaenda nyumbani kwa Mama Mapasa. Alinipa kigoda, ila hakunipa maji, na alikuwa na haki. Nikamuuliza mkubwa wa mwalo alisoma maneno gani hasa. Akayarudia: yale ya viatu na kitunga. Nikamuuliza, na yale mengine? Yale uliyotuambia baadaye, ya kwamba anamfanyia hivyo hivyo mjane jirani yako, na ya mahali mnapomficha mikebuka, wale samaki wakubwa? Akatikisa kichwa. Hayo hakuyagusa.

Hapo ndipo nilipoona. Kwenye programu, Mama Riziki, maneno hayo yako chini ya yale, yamegusana. Mtu aliyeingia humo angeyaona yote kwa jicho moja, na asingeishia kumfukuza mtu mahali pa kuanikia. Mkubwa wa mwalo alijua kile tu kilichokuwa kwenye ripoti.

Nikarudi nikaifungua ripoti. Sentensi ya viatu iko pale, katikati ya ukurasa, nzuri kabisa. Na chini yake umeweka mwenye maneno: *Mama Mapasa, muuza ndakala.*

Nilikaa nikaitazama. Jina lake la kwenye kadi, lile refu, umelifuta kila mahali kwa uangalifu mkubwa. Nani mwaloni analijua lile jina? Hata padri huliuliza upya kila akija kubariki nyumba. Jina lake ni mapacha wake, mapasa tunavyowaita. Ukisema Mama Mapasa mwaloni pale, mbwa atakuonyesha nyumba. Wageni waliona "Mama", wakadhani ni heshima tu, wakaandika kwamba majina yote yameondolewa. Sisi tuliozaliwa hapa hatukuona kitu, kwa sababu kwetu kumwita mtu mzima kwa jina la mwanawe ndiko kumvisha nguo.

Wageni walitaka kuandika mhojiwa wa kwanza, mhojiwa wa pili. Ukapiga meza. "Muntu mukubwa hawezi kuitwa namba." Siku ile nilikuona mkubwa kuliko ofisi nzima. Na ni heshima yako hiyo hiyo iliyompeleka mkubwa wa mwalo moja kwa moja kwenye kitunga cha Mama Mapasa.

Nilikukasirikia. Hilo naliandika wazi. Nilikukasirikia na hupo, na sina pa kuipeleka hasira, nikaifulia nguo. Nimeshuku programu, nimeshuku flashi, nimeshuku treni ya Kabalo, na mtu mmoja tu ambaye sikumshuku ni wewe. Kama ungekuwepo ungeumia kuliko mimi. Hilo nalo linaniuma, kwamba hata nafasi ya kuumia umenyimwa, nikaachiwa mimi.

Nilimwambia Papa Justin yote. Akasema kwanza twende kuomba radhi kwa wale mama, halafu kila mmoja achague jina analotaka aitwe kwenye karatasi zetu, na nakala zilizogawiwa tuzikusanye tuzibadilishe. Nilitafuta mtego katika maneno yake. Bado natafuta. Mpaka sasa sijaupata, lakini mwaka haujaisha.

Tulikutana uani kwa Mama Mapasa, wale mama wote tuliowahoji. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa niaba yako. Nikawaeleza kosa lilivyotokea, sikulipunguza. Papa Justin naye alipiga magoti, na suruali yake ile ya pasi. Mmoja wao alikuwa anachambua mchele, na mikono yake ilikuwa haiachi.

Nikawaambia wachague majina. Jina lolote, alimradi lisiwe la mtu wa mwaloni.

Mama Mapasa ndiye aliyesema kwanza. "Miye uniandike Mama Riziki. Bakitafuta mwenye alisema, baende kumuulizia Mpala, ku makaburi."

Mama Riziki, kucheka kulianza kwa mmoja, kukaenda kote, wengine wanacheka na machozi yanatoka. Halafu mama wa pili akasema na yeye ndilo jina lake. Na wa tatu. Wote. Nikajaribu kuwaeleza kwamba kwa kazi yetu inafaa kuwatofautisha. Wakanitazama vile ulivyokuwa unanitazama wewe. Na kabla hatujaondoka walikubaliana kusogeza ndakala zao, kila mmoja kidogo, Mama Mapasa apate nafasi katikati yao. Mpaka leo anaanika pale. Mkubwa wa mwalo hawezi kuwafukuza wote.

Kwa hiyo nimeiwasha tena programu yako, nikaiambia itafute majina yale yote na kuyabadilisha. Ilifanya haraka kuliko nilivyotaka. Sasa ripoti nzima inasemwa na mtu mmoja. Viatu na kitunga, ni Mama Riziki. Mjane asiyejua kesho, ni Mama Riziki. Anayetukana, anayesali, anayehesabiwa samaki wake mbele ya macho yake, wote ni wewe. Nakala mpya tumezigawa, za zamani tumezirudisha, isipokuwa ile ya mkubwa wa mwalo mwenyewe, ambaye alikataa kuitoa.

Hata hiyo mpya ameisoma. Wiki hii amekuwa akiuliza mjini huyu Mama Riziki mwenye mdomo hivi ni nani, na anapatikana wapi. Watu wamemwelekeza vizuri sana, kwa adabu, njia ya Mpala.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi hakuna atakayeandikwa tena na mkono wangu kwa jina ambalo hakulichagua mwenyewe, na nitaendelea kumshuku kila mtu kwa ajili yako, maana wewe ulikuwa hujui kushuku. Na yule mtu akifika huko, amesimama juu yako na karatasi yake mkononi, usimjibu kitu.

Mwanao,
Vumi