Saa za Setilaiti na Ukuta wa Mabawa

Jumatatu, 3 Machi
Makala yangu ya saa za setilaiti imetoka gazetini, ukurasa wa sita. Huko juu mvutano wa dunia ni hafifu, saa zinakwenda mbio. Kasi ya setilaiti inazirudisha nyuma, lakini kidogo tu. Zingeachwa hivyo, kila siku vipimo vya mahali vingepotoka kilomita kumi hivi. Nafasi ilikuwa finyu. Nikakata sentensi ya mwisho: kwamba mafundi walizipunguza mwendo kabla ya kuzirusha.

Jumatano, 5 Machi
Simu ya Bi Zainabu, mjane wa mtaa wa Mabawa. Jirani yake, Mzee Salimu, amejenga ukuta ndani ya kiwanja cha mjane huyo. Umeziba mlango wa jiko. Mpimaji alipima kwa setilaiti, akakuta umeingia hatua mbili. Jana baraza la kata lilikuwa liamue. Mzee Salimu akatoa makala yangu, ameipiga laminesheni ya plastiki. Setilaiti zinakosea, gazeti limesema. Shauri limesogezwa hadi Ijumaa.

Nilimwambia shikamoo. Hakuitikia. "Salimu aliniziba jiko, na wewe umeniziba mara ya pili," akasema. Akakata simu.

Alhamisi, 6 Machi
Situlii. Nimetembea mtaa wa Raskazone wote, nikarudi, nikatoka tena. Mhariri anasema sahihisho litatoka Jumamosi. Halitafaa kitu, baraza ni kesho. Kosa ni langu, si lake. Siogopi aibu. Naogopa karatasi yenye laminesheni itaaminiwa kuliko mimi. Nimefanya mazoezi ya maelezo ya barazani mara nne. Bado marefu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri mbele ya baraza. Nikaeleza: saa ya ukutani ikizoea kutangulia, fundi anaipunguza mwendo. Saa za setilaiti nazo zilifanyiwa hivyo. Mwenyekiti akauliza kwa nini sikuandika. Nikasema nafasi haikutosha. Wakacheka.

Mpimaji akamgeukia Mzee Salimu. "Zingekosea kilomita kumi, mzee wangu, kiwanja chako ningekipima baharini. Ungegombea mpaka na pweza."

Hata Bi Zainabu alicheka. Mimi sikuweza. Uamuzi: ukuta uondolewe.

Jumapili, 9 Machi
Nimepita Mabawa asubuhi. Mzee Salimu anatoa matofali mwenyewe, moja moja. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kumbe walizirekebisha?"

Kabla ya kuzirusha, nikasema.

Kisha akanipa tofali. Nikalipokea, nikalipanga upande wa kiwanja chake. Akanipa jingine. Tuliacha adhuhuri, mlango wa jiko ukiwa wazi.