Nilimwonyesha Viota Vyote

Bibi Hildegarda, shikamoo. Nakuandikia kwenye safu yako ya gazetini nikiwa na hasira, kwa hiyo univumilie mwandiko, maana nisiposema na mtu nitapasuka.

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Kilosa mjini, mume wangu Danieli alikuwa karani wa shamba la mkonge mpaka walipopunguzwa kazi, sasa ana duka nyuma ya soko, na uani kwangu kuna mpera mkavu ambao kila mtu ananiambia niukate uwe kuni lakini nimekataa, kwa sababu kwezi wanazalia kwenye tundu lake kila mvua zikianza, na mnana wamefuma viota kwenye mianzi ya uani, na ndege chozi ana kiota chake karibu na mlango wa jiko, huwa namwachia sufi ukutani achukue, na maji nawawekea wote kwenye kigae cha mtungi. Wakwe zangu wananicheka, wananiita Mama Ndege, nimezoea.

Basi mwezi uliopita Danieli akaleta mgeni wa kutoka Dar, anaitwa Bryson, akasema ni mtafiti wa ndege, ametokea Mikumi mbugani. Bibi, huyo alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kuniuliza habari za ndege wangu bila kucheka. Nilimchinjia kuku. Nikamzungusha uani kiota kwa kiota, nikamwambia huyu wa zambarau mwenye tumbo jeupe ndiye kwezi dume, na yule wa madoa ya kahawia ambaye watu hudhani ni ndege mwingine kabisa ndiye jike lake, wanalala tundu hili, wanarudi jua likikaribia kuzama, naye anaandika kwenye daftari, na mimi mjinga nikajiona mwalimu.

Jumapili nimetoka kanisani nikakuta ulimbo umepakwa kwenye matawi, manyoya yamenata, hakuna kwezi wala mnana, na makinda tunduni wanalia. Walilia siku mbili wakanyamaza. Danieli ananiambia, "Mama Yudith, ndege wa porini hana mwenyewe. Siku hizi kila kitu ruksa, na Bryson ana karatasi yenye muhuri." Kumbe alijua tangu mwanzo!

Ndege waliwekwa kwenye matenga stoo ya dukani wakisubiri treni wakauzwe. Mlinzi wa stoo ni Mzee Rafaeli, mzee wa watu aliyemaliza ujana wake akikata mkonge, analala chumba cha nyuma ya duka na mimi ndiye humpelekea chakula cha mchana. Jumanne nikampelekea ugali na mlenda, nikamwambia baba, maji ya kunawa nimesahau, hebu kachote bombani, akasema asante mwanangu, akaenda na ndoo, nami nikafungua matenga yote, ndege wakapita dirishani wakaruka zao, nikarudishia vifuniko, mzee akarudi akala.

Sasa Danieli anasema mzee amewauza ndege kwa mtu mwingine. Amemfukuza kazi na chumba, mzee analala kwenye kibaraza cha kanisa, na baada ya Pasaka anapelekwa baraza la kata. Hajajitetea. Hata kwamba nilifika pale siku ile hajasema.

Bibi, nikitamka Danieli ataniacha, na mkono wake ni mwepesi. Naomba unijibu: je, sina haki ya kumkasirikia mume wangu? Nimsamehe? Au nirudi kwetu Masanze?

Mwenye Hasira, Kilosa

*

Marahaba, Mwenye Hasira.

Haki ya kukasirika unayo yote, na sitakuambia uipunguze hata kidogo. Mumeo alikaa akakutazama unamchinjia kuku mwizi wako. Na mtafiti gani huyo anayetafiti kwa ulimbo? Hiyo karatasi yenye muhuri ipelekeni ofisi ya maliasili wilayani, isomwe imetaja ndege gani na wa wapi. Bryson akikataa kuitoa, umeshapata jibu.

Sasa nikugombeze. Umeniuliza maswali matatu. Nimeyasoma mara mbili nikitafuta la Mzee Rafaeli, sikuliona. Mzee amepoteza kazi, chumba na jina lake, wewe unaniuliza habari za mumeo! Bryson alikula kuku wako akakuibia ndege. Wewe ukampa mzee ugali, ukamwibia heshima yake. Nionyeshe tofauti yenu iko wapi.

Na usijidanganye kwamba hajui. Ni nani mwingine aliyeingia stoo siku ile? Mzee anajua, amenyamaza kukulinda, na wewe umeuacha ulinzi huo uendelee huku yeye analala kwenye saruji. Umenunua stempu ukaniambia mimi nisiyekujua, lakini kutoka kwako mpaka kanisani umeshindwa kutembea.

Majina nimeyabadili, na jibu hili nilikutumia kwanza kwa posta. Hata hivyo Kilosa ni ndogo, na gazeti linafika na treni. Usingoje Danieli akusome kwenye karatasi ya kufungia vitumbua.

Kwa kuwa mkono wake ni mwepesi, usimwambie mkiwa wawili chumbani. Mwite mama mkwe wako na mzee wa kanisa, useme mbele yao. Akikuinulia mkono, chukua watoto uende Masanze siku hiyo hiyo, habari za kusameheana tutazungumza ukiwa salama. Barazani uende mwenyewe, usimame, useme ni wewe uliyefungua matenga na kwa nini. Mzee arudishiwe chumba chake.

Mpera usikatwe. Kigae kijazwe maji. Kwezi wakirudi ushukuru, wasiporudi usiwalaumu. Na mgeni mwingine akiulizia viota, mpe kiti awatazame wakiruka, imetosha.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo songa ugali, pika mlenda, mpelekee mzee pale kibarazani. Maji ya kunawa beba mwenyewe, mmiminie mikononi, na umwambie yote kabla hajamega tonge la kwanza.